Kebo ya lifti ya angani itatoka wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninasoma fizikia, mwaka wa pili chuoni. Mimi na wenzangu 6 tumeanzisha klabu ya lifti ya angani, ile kebo ndefu itakayotoka ardhini hadi mbali nje ya dunia, mabehewa yakipanda juu yake bila roketi. Tukiwaeleza watu, nusu wanacheka na nusu wanatuuliza itafunguliwa lini. Tumesoma mahali kwamba itakuwa tayari 2050. Je, jambo hili linawezekana kweli? Kama linawezekana, mbona halijajengwa? Na sisi tusio na maabara wala fedha tufanye nini ili utafiti usonge mbele na watu walipende?"

Marahaba, mwanangu, na unisalimie hao wenzako 6. Wanaocheka na wanaouliza itafunguliwa lini wana kosa moja: hawajaitazama kebo. Ukiielewa kebo utajua kwa nini wahandisi wenye akili zao wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na papo hapo utajua kwa nini hakuna hata mita 1 iliyojengwa.

Nianze na lile swali ambalo najua mnaulizwa kila mara: hiyo kebo itaning'inia kwenye nini?

Setilaiti iliyo km 400 juu yetu huizunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Kadiri inavyowekwa mbali zaidi, ndivyo mzunguko wake unavyochukua muda mrefu, na kwenye kimo cha km 35,786 juu ya ikweta mzunguko mmoja unachukua saa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha yenyewe. Kwa hiyo setilaiti ya kimo hicho huonekana imesimama juu ya mahali pamoja. Dishi la televisheni hufungwa mara moja likasahaulika kwa sababu hiyo hiyo. Sasa chukua setilaiti kama hiyo, uiambie iteremshe uzi kuelekea chini. Uzi ukishuka utaanza kuivuta setilaiti, kwa hiyo unatoa uzi mwingine kuelekea juu, upande wa nje, ili kusawazisha. Sehemu ya chini inavutwa na dunia. Sehemu ya juu inazungushwa kwa mwendo mkubwa kuliko unaostahili umbali wake, hivyo inataka kutoroka. Zinavutana, na kebo inakaza na kusimama wima. Ukiongeza uzito kidogo kwenye ncha ya juu, kebo nzima inavuta kuelekea nje, na mvuto huo wa ziada ndio utakaobeba mabehewa. Kule chini hakuna msingi unaobeba mnara. Kuna nanga tu, inayoizuia kebo isiondoke.

Watu wengi hudhani pia kwamba ukishafika angani unaanza kuelea. Ukitoka nje ya behewa ukiwa km 400 juu utaanguka kama embe bivu, kwa sababu mahali hapo kebo inakwenda pembeni kwa km 0.5 hivi kwa sekunde, ilhali kitu kinachoelea kwenye kimo hicho kinahitaji km 7.7 kwa sekunde. Mzigo ukiachiwa chini ya kimo cha km 23,000 hivi hurudi ukaingia kwenye angahewa. Ukiachiwa kwenye km 35,786, unakaa pale pale ulipoachiwa. Ukiupandisha hadi km 47,000 ndipo ukauachia, unaondoka moja kwa moja na dunia haiwezi tena kuurudisha. Kwenye ncha ya kebo ya km 100,000 mwendo wa pembeni unafika karibu km 7.8 kwa sekunde, wa kutosha kabisa kuutuma mzigo Mirihi au Zuhura bila kuwasha injini wakati wa kuondoka. Hapo ndipo utamu wa wazo hili ulipo, na mimi ningewaambia watu hayo kabla ya kuwaambia kitu kingine chochote.

Utamu wa pili ni hesabu ya nishati. Kupandisha kilo 1 kutoka ardhini hadi kwenye kimo cha km 35,786 kwa kebo kunadai megajuli 48 hivi, yaani takriban kilowati-saa 13.4. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikiachwa imewaka kwa saa 13 na ushei imekula kiasi hicho. Mwendo wa pembeni mzigo hauulipii, unaukopa kwenye mzunguko wa dunia yenyewe. Linganisha na roketi, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake hutumika kubeba mafuta mengine: Saturn V iliyowapeleka watu mwezini iliondoka ardhini na uzito wa tani zaidi ya 2,900, na iliyoweza kuifikisha kwenye mzunguko wa karibu na dunia ni tani 140 hivi.

Wazo lenyewe ni la zamani, na historia yake inagusa swali lako la tatu. Mwaka 1895 Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi, aliufikiria mnara mrefu unaofika angani, akiwa na mnara wa Eiffel akilini. Mnara wake ulisimama kutoka chini, na hakuna kitu kinachoweza kubeba uzito huo bila kupondeka. Aliyeligeuza wazo na kulitundika kutoka juu ni Yuri Artsutanov, mhandisi wa Leningrad, na alilichapisha Julai 1960 katika gazeti la vijana, Komsomolskaya Pravda, akizungumzia treni ya umeme ya kwenda angani. Watafiti wa Magharibi hawakuliona. Mwaka 1966 wataalamu 4 wa Marekani, watu wa utafiti wa bahari waliozoea kuteremsha nyaya ndefu vilindini, walilifikia wazo hilo hilo wenyewe na kuliandika katika jarida la Science. Wao nao hawakusikika na watu wa anga. Mwaka 1975 mhandisi Jerome Pearson akalichapisha tena, na hapo ndipo wahandisi wa vyombo vya anga walipoanza kulijadili sawasawa. Kwa miaka 15 wazo lilikuwa linazaliwa upya kila mara kwa sababu aliyelijua hakusomwa na aliyelihitaji. Mkiniuliza kuandika habari za kisayansi kwa lugha ambayo watu wanaisoma kuna faida gani, hiyo ndiyo hoja yangu.

Sasa tuingie kwenye kebo, na hapa nitakaa kidogo.

Kila uzi una urefu wake wa kukatika: ukiuning'iniza bila mzigo wowote, ukawa unaurefusha tu, inafika mahali unakatika kwa uzito wake wenyewe. Waya bora wa chuma hufika km 35 hadi 40. Kevlar, uzi wa fulana za kuzuia risasi, ni km 250 hivi. Zylon, mojawapo ya nyuzi imara kabisa zinazouzwa, inakaribia km 380. Kebo ya lifti ya angani yenye unene mmoja kutoka chini hadi juu ingehitaji uzi wa km 4,940, na hapo tayari tumeshaihesabia nafuu ya uvutano kupungua kadiri unavyopanda. Ndiyo kusema uzi bora tunaoweza kununua una nguvu kama sehemu 1 kati ya 13 ya tunachokihitaji.

Artsutanov na Pearson waliuona mlango wa kutokea: kebo isiwe na unene mmoja. Mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote ni kwenye km 35,786, basi iwe nene pale, na ipungue taratibu kuelekea ncha zote mbili. Kwa njia hiyo, kwa nadharia, uzi wowote unaweza kutengeneza lifti. Tatizo ni kiasi cha unene. Chukueni 48.4, mgawanye kwa nguvu ya uzi wenu (gigapaskali za mkazo unaoukata, zikigawanywa kwa gramu zake kwa kila sentimita ya ujazo), kisha mpandishe namba e (2.718 hivi) kwa kipeo cha jibu mlilopata. Hapo mtajua eneo la mkato wa kebo kule juu ni mara ngapi ya eneo lake chini. Kwa chuma mtapata 1 ikifuatwa na sifuri zaidi ya 50, jambo la kuchekesha tu. Kwa Kevlar ni mara milioni 250 hivi. Kwa Zylon ni mara 450,000.

Hiyo ya mwisho inadanganya, kwa sababu haionekani ya kutisha. Kebo ya Zylon yenye milimita 1 ya mraba kule chini ingekuwa na karibu nusu mita ya mraba kule juu. Unene wa mti tu, utasema. Lakini mti huo una urefu wa maelfu ya kilomita. Kwa hesabu yangu ya haraka, kebo hiyo ingekuwa na mamilioni mengi ya tani, na kule chini ingeweza kubeba nusu tani, tena ikiwa ukingoni mwa kukatika. Hakuna mtu mwenye akili atakayerusha mamilioni ya tani kwa roketi ili aje kupandisha mzigo wa pikipiki mbili tatu.

Sasa angalieni uzi ukiwa imara zaidi. Nguvu ikiwa 30 kwa vipimo hivyo hivyo, uwiano unashuka hadi 5. Ikiwa 50, unakaribia 2.6. Kipimo hicho wenyewe wanakiita megayuri, kwa heshima ya Artsutanov: Kevlar ina megayuri 2.5, Zylon 3.7, na lifti inaanza kuwa mradi wa kueleweka kuanzia 30 hivi. Mtu akiniuliza tumefika wapi, sitamjibu kwa mwaka. Nitamjibu kwa megayuri.

Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza nanotyubu za kaboni, mirija myembamba isiyoonekana kwa macho ambayo kuta zake ni atomi za kaboni zilizoshikana kwa namna imara mno. Nadharia ilisema zinapita gigapaskali 100 huku zikiwa nyepesi kuliko alumini. Ghafla namba 30 ilionekana ipo karibu. NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha mwaka 1999, kisha ikamlipa mwanafizikia Bradley Edwards afanye usanifu kamili. Ripoti zake za 2000 hadi 2003 ndizo zilizotupa picha tuliyonayo leo: utepe mwembamba wa km 100,000, nanga kwenye jukwaa linaloelea baharini mashariki mwa Pasifiki kwenye ikweta ambako radi ni chache na vimbunga havifiki, na mabehewa ya tani 20 yanayopanda kwa umeme unaotumwa kwa leza kutoka chini.

Kisha ikaja miaka ya kusubiri. Nyuzi zina tabia mbaya: kipande kifupi huwa imara kuliko kirefu, kwa sababu kirefu kina nafasi zaidi ya kuwa na kasoro, na kasoro moja inatosha. Ujana wangu niliumaliza nikivuta nyuzi kwenye mashine ya kupima mkazo, na nakwambia hata kuushika uzi tu ni kazi. Nusu ya vipimo vyangu vilikatikia mdomoni mwa mashine, si katikati, na vyote vikatupwa. Kwa nanotyubu shida hii ni mara elfu. Mrija mmoja ukipimwa peke yake unatoa namba za ajabu. Ukiisokota mamilioni ya mirija kuwa uzi, inateleza mmoja juu ya mwingine, na nguvu inaanguka hadi gigapaskali chache, jirani kabisa na nyuzi za kawaida.

Hata hivyo kazi haijasimama. Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing kiliotesha mirija yenye urefu wa nusu mita mwaka 2013, na mwaka 2018 watafiti wa hapo wakatangaza vifungu vya mirija, virefu kwa sentimita kadhaa, vilivyopita gigapaskali 80. Vifungu vya sentimita, usisahau. Upande wa pili kuna grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi 1 lililotengwa Manchester, Uingereza, mwaka 2004. Mwaka 2008 kipande chake kidogo kilipimwa kikaonyesha gigapaskali 130. Siku hizi watu wengi wa lifti wamehamia huko, wakitumaini utepe wa matabaka ya grafini usio na viungo. Mimi naona wana sababu nzuri kuliko waliokuwa nazo watu wa nanotyubu, maana tabaka lisilo na mwanzo wala mwisho wa mrija halina pa kuteleza kirahisi. Lakini hakuna mtu aliyelitengeneza bila kasoro kwa urefu wa maana na kulivuta mpaka likakatika.

Kwa hiyo jibu la "mbona halijajengwa" ni fupi. Mpeni mtu fedha zote anazozitaka leo, atakosa cha kununua.

Naam, kuhusu kusukuma utafiti na kuwavuta watu. Jaribio lililofanya kazi vizuri kuliko yote niliyoyafuatilia ni mashindano. Kuanzia 2005 NASA ilitoa fedha za zawadi na taasisi ya Spaceward ikayaendesha, yakiwa ya namna mbili. Ya kwanza: tengeneza behewa linalopanda kebo kwa nishati inayotumwa kutoka chini, bila betri ya kulisukuma. Ya pili: leta kitanzi cha uzi cha gramu 2 hivi kitakachokishinda uzi bora wa dukani kwa nusu yake tena. Timu za wanafunzi zilijenga mabehewa kwenye karakana za vyuo, mengi yakaganda njiani mbele ya umati. Miaka minne ilipita bila mshindi wa kwanza. Novemba 2009, kwenye jangwa la California, helikopta ilishikilia juu kebo yenye urefu wa kama kilomita 1, na behewa la kampuni ya LaserMotive likaipanda kwa mwanga wa leza tu, kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde. Waliondoka na dola 900,000.

Zawadi ya uzi haikuchukuliwa na mtu hata mmoja. Wengine huliita hilo kushindwa. Kwangu lile ndilo lililokuwa shindano bora zaidi, kwa sababu lilimwonyesha kila mtazamaji, bila maneno, tatizo liko upande gani. Mtoto aliyeona vitanzi vikikatika kimoja baada ya kingine aliielewa lifti ya angani kuliko mtu mzima aliyetazama picha 20 za kompyuta. Japani iliendeleza moto huo: kuanzia 2009 kumekuwa na mashindano ya mabehewa yanayopanda kamba zilizoshikiliwa na maputo, na Chuo Kikuu cha Shizuoka kilipeleka angani mwaka 2018 setilaiti mbili ndogo, kila moja na ukubwa wa sentimita 10, zilizounganishwa kwa kebo ya mita 10 na kibehewa cha kutembea katikati yake.

Kilichodhuru ni tarehe. Kampuni moja ya Marekani iliwahi kuweka saa ya kuhesabu siku hadi ufunguzi, na ufunguzi wenyewe ulitajwa kuwa 2018. Hiyo 2050 yenu inatokana na kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Tokyo, iliyotoa mpango mwaka 2012: kebo ya km 96,000, behewa la watu 30, mwendo wa km 200 kwa saa, safari ya wiki 1 hivi hadi kituo cha juu. Ni usanifu uliofanywa kwa makini na ninaupenda. Lakini mpango huo wenyewe unategemea uzi ambao haujazaliwa, na magazeti yaliibeba tarehe yakauacha uzi. Ahadi ni deni, na deni hili linadaiwa kwa kila mtu anayelizungumzia jambo hili, pamoja na ninyi 7. Mtu akiuliza lini, mwambieni: uzi ukifika megayuri 30 kwa urefu wa kilomita, njoo tena uniulize. Atacheka, lakini atakuwa amebeba namba.

Kuna mlima mwingine wa kazi usiosubiri uzi, na hapo ndipo klabu isiyo na maabara inaweza kuingia. Chukueni taka za angani. Karibu kila kitu kinachoizunguka dunia hukata ikweta mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo karibu setilaiti yoyote isiyosogezwa, inayopita chini ya ncha ya juu ya kebo, mapema au baadaye itapita pale kebo ilipo. Vipande vinavyozidi sentimita 10 ni zaidi ya 30,000, na vidogo havihesabiki. Tuna mifano halisi. Mwaka 1994 Marekani ilining'iniza angani uzi wa km 20 wenye unene wa chini ya milimita 1. Baada ya siku chache tu ulikatwa. Mwaka 1996 wakaweka mwingine, mfupi wa km 4 lakini mnene wa milimita 2 na wenye kujaa ndani, nao ulidumu miaka 10. Tofauti ya milimita 1 na kidogo! Mnaweza kukaa na kompyuta ya kawaida mkapiga hesabu: utepe wa upana gani, au nyuzi ngapi zilizosukwa zikiwa zimeachana, zinapunguza hatari kwa kiasi gani? Jukwaa la baharini likisogea kilomita chache, wimbi linachukua muda gani kupanda kwenye kebo mpaka likwepe setilaiti? Takwimu za njia za setilaiti ziko wazi kwa kila mtu.

Umeme ni mlima mwingine. Behewa la tani 20 likipanda kwa km 200 kwa saa karibu na ardhi linahitaji megawati 11, ingawa likifika km 2,640 uzito wake umebaki nusu. Mionzi ni mwingine: wanaanga wa Apollo waliokwenda mwezini waliipita mikanda ya Van Allen, ile mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, kwa saa chache, lakini abiria wa lifti angekaa ndani yake kwa siku kadhaa, ndiyo maana mimi huamini lifti ya kwanza itabeba mizigo peke yake. Oksijeni ya atomi moja moja iliyo kwenye tabaka za juu za angahewa hula kaboni. Kebo pia huinamishwa kidogo kuelekea magharibi kila behewa linapopanda, kwa kuwa mzigo unadai mwendo wa pembeni kutoka kwake, na mabehewa mengi yakienda kwa mpangilio mbaya kebo inaanza kupiga mawimbi. Hilo la mawimbi lingetosha tasnifu nzima ya mmoja wenu.

Usiupuuze na mwezi. Uvutano wake ni sehemu 1 kati ya 6 ya wetu, na kebo ya huko ingening'inia kuelekea dunia kupitia mahali ambapo uvutano wa mwezi, wa dunia na nguvu ya kuzunguka vinasawazishana, km 56,000 hivi kutoka kwenye uso wa mwezi. Hesabu za Pearson na za wengine zinaonyesha kwamba nyuzi tulizonazo leo, kina Zylon na wenzake, zinatosha. Huko hakuna angahewa ya kuila kebo wala msongamano wa setilaiti. Ningepewa kuchagua mimi, nguvu ya miaka hii ningeiweka huko. Wapinzani wangu husema hakuna mzigo wa kuteremsha mwezini, na kwa sasa siwezi kuwabishia sana.

Mtaambiwa pia kwamba roketi zinazotua na kutumika tena zimeimaliza hoja ya lifti. Zimeibana, kweli. Bei ya kufika angani imeshuka, na hesabu za faida alizozifanya Edwards zamani hazikuwa na mshindani huyo. Msikwepe swali hilo mbele ya watu. Lakini roketi hizo hizo ndizo zitakazopeleka marobota ya kwanza ya kebo, kwa hiyo msizitangazie uadui.

Mwanzo wenu, basi. Wiki ya kwanza, andaeni jedwali la nyuzi 10 zenye nguvu, densiti na uwiano wa unene, kwa ile fomula ya 48.4. Wiki zinazofuata, tengenezeni behewa la kuchezea lenye injini ndogo na paneli ya sola, lipande kamba iliyofungwa juu ya jengo kwa mwanga wa taa kali, mbele ya watu, na likitaka kuganda, ligande mbele yao. Siku hiyo hiyo wekeni ndoo na mchanga, mvute nyuzi za aina mbalimbali za uzito mmoja mpaka zikatike, na kila mtazamaji abashiri upi utashinda. Baada ya hapo mgawane matatizo: wawili washike taka za angani, wawili mawimbi, mmoja mwezi, wawili waandike kwa Kiswahili kila mnachokipata, pamoja na mlipokosea.

Jedwali likikamilika nitumieni. Nyuzi za kaboni za kawaida, zile za ndege, zingatieni sana densiti yake kabla ya kugawanya, wanafunzi wangu wengi hukosea hapo.